Nyonga Uliyonionyesha Jumapili

Atupele mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako, na najua hutarudi mpaka wamekulisha na kukuliza, kwa hiyo nina nafasi. Nimekaa hapa mlangoni, mwanga bado upo, karatasi nimeiweka juu ya ungo kwa sababu meza umeijaza nguo. Barua hii nitaifunga pamoja na ndizi zako za kuchoma. Nakujua, hutazigusa mpaka basi lipite Uyole, na pale utakuwa mbali, huwezi kumwambia dereva asimame ili urudi kunibembeleza. Nimekusudia iwe hivyo.

Habari za kula na kuvaa na wanaume wa Dar es Salaam sikuandikii. Mwaka mzima umekaa huko kwa mjomba wako ukisomea kompyuta, umerudi na nyama mwilini na maneno kinywani. Kama nilipokwambia kwa mdomo hukusikia, kwa kalamu ndiyo utasikia? Nina jambo moja tu. Ile nyonga uliyonionyesha Jumapili kwenye kompyuta yako ni yangu.

Sikutanii. Si ya mtu anayefanana nami. Ni mifupa ya kiuno changu mimi niliyekuzaa, na aliyeipeleka huko ni ndugu yangu wa tumbo moja.

Jumapili ulitoka kanisani hata kitenge hujabadili, ukaniita, “Mama, njoo uone kazi ninayokwenda kuifanya.” Nikaja na mikono yangu ya unga. Ukanieleza kwamba mtu analazwa ndani ya mashine, mashine inampiga picha vipande vipande kama mkate unavyokatwa slesi, halafu ninyi mnavipanga vile vipande upya ndani ya kompyuta mpaka mfupa unasimama mzima. Unaweza kuugeuza juu chini, mbele nyuma, bila kumpasua mtu. Nikasema ni ajabu, na kweli ilikuwa ajabu. Kisha ukabonyeza, ikatokea nyonga nyeupe kwenye giza, ikaanza kuzunguka polepole. Ilipoleta ubavu wa kushoto nikauona ule uvimbe, pale mfupa ulipounga vibaya, na upande wote umeingia ndani kama chungu cha Ikombe kilichobonyezwa kabla hakijakauka.

“Huyu tunamwita Bi Kombo,” ukasema, ukacheka. “Kila anayeanza kazi pale anaanzia kwake. Mama wa watu, sijui alianguka wapi.”

Mimi najua alianguka wapi.

Ukaendelea. Ukasema kazi ya kwanza uliyopewa na mjomba wako ni kumweka mtoto ndani ya Bi Kombo, umteremshe kichwa kidogo kidogo mpaka akwame pale penye kombo, ili wakunga waone kwa macho yao kwa nini mwanamke wa namna ile hafai kusubiriwa nyumbani. “Nikiimaliza vizuri, Mama, nimeajiriwa.” Macho yako yalikuwa yanameta. Nikakwambia wali unaungua, nikaondoka. Wali haukuwa unaungua, Atupele. Haukuwa hata jikoni.

Sasa nikuanzie mwanzo, ila nitakwenda haraka kabla hujarudi.

Mama yetu alifariki mjomba wako Ambakisye akiwa bado anabadili meno. Baba alikuwa mtu wa kuvuka mto Songwe kwenda kwa ndugu zake wa Malawi na kukaa huko mpaka nyumbani tusahau sauti yake. Mimi ndiye niliyemwogesha Ambakisye, nikampeleka shule, nikampiga alipotoroka. Alikuwa na akili, hilo simnyimi. Mwalimu wake alikuja mpaka nyumbani kusema mtoto huyu asikatishwe masomo. Basi nikalima mpunga. Nilikuwa napanda juu ya malori ya Ipinda kwenda kuuuza Mbeya, wakati ule ambao kusafirisha gunia lako mwenyewe kulikuwa kama wizi, ukifika kwenye kizuizi unasema ni chakula cha msiba. Nilikuwa na misiba mingi mimi. Askari mmoja alinipa pole mpaka nikaona haya.

Siku moja, kwenye zile kona za kupanda Tukuyu, lori lililala ubavu. Juu ya magunia mwanamke nilikuwa peke yangu. Wanaume waliruka. Mimi niliruka nimechelewa, na gunia likanifuata.

Nilipotoka hospitali nilikuwa nachechemea, halafu mguu ukazoea, watu wakasahau kuniuliza. Ada ya Ambakisye ya muhula ule ilitoka kwenye mpunga uliozolewa barabarani pamoja na mchanga. Huyo ndiye Bi Kombo wenu. Ndipo alipoanguka, na mjomba wako ndiye aliyekuwa anamwangukia.

Baba yako alinioa akijua nimewahi kuanguka. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba ndani njia imebanwa. Mtoto wa kwanza alikwama. Walinikalisha, wakanilaza, wakanitembeza uani nimeshikiliwa huku na huku, mama mkwe wangu akiimba ili nisikie kitu kingine zaidi ya sauti yangu. Alipotoka hakulia. Wa pili vilevile. Wote wavulana. Mtoto ambaye hakulia hapigiwi ngoma, wanawake walimzika nyuma ya nyumba kwenye migomba, tukaingia ndani tukanywa uji. Wewe ulipofika zamu yako nilikataa kukaa nyumbani, nilijibeba mapema mpaka hospitali, wakanipasua, ukatoka unapiga kelele mpaka muuguzi akasema, “Gwe, huyu atakuwa mhubiri.” Nikakuita Atupele, kwa sababu Mungu ametupa.

Daktari aliyenipasua aliniambia nisithubutu tena. Hapo ndipo nilipokosea. Sikumwambia baba yako. Alikuwa na furaha sana, amekubeba anakuonyesha kwa kila apitaye, anasema huyu sasa amefungua mlango, wenzake wanakuja. Ningemwambia nini? Nikasema nitamwambia kesho, na kesho yake nikasema hivyo hivyo. Miaka ikapita nikimwambia Mungu atatoa, huku nikijua kwamba Mungu anaweza kutoa lakini mlango wangu hautapitisha.

Ndugu za baba yako wakaanza kuuliza. Wifi yangu Subilaga, unamjua shangazi yako, mkunga mzima, akanitania kwamba nimefunga duka mapema. Ikaniingia hofu. Wakati huo Ambakisye alikuwa ameshakuwa daktari wa picha za ndani. Hospitali za watu binafsi zilikuwa zimeruhusiwa, na moja huko Dar ilileta ile mashine ya slesi, naye akaajiriwa kuisimamia. Akaniita. “Dada, njoo nikupige picha, tujue kwa hakika kama unaweza kuzaa tena.” Nikamwambia baba yako nakwenda kumsalimia mdogo wangu. Nikakuacha kwa Subilaga, nikaenda.

Nililala kwenye lile bomba lao baridi, na kwa kuwa mkononi mwa ndugu yangu nilijiona niko nyumbani, nikafungua kinywa. Nilimwambia yote. Lori, wavulana wawili, maneno ya daktari aliyenipasua, na kwamba baba yako hajui. Ambakisye alinishika mkono akalia. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kama angekuwa mtu mbaya ningejua namna ya kumchukia. Akaniambia ni kweli, nisithubutu. Akasema, “Hii itakuwa ya kwetu wawili, dada.” Nikarudi Kyela nimepumua.

Ulikuwa darasa la pili aliporudi na semina.

Alikuja na gari la wageni, na kompyuta ndani ya sanduku gumu lililofungwa kama maiti ya mfalme, na ile mashine ya kumulika ukutani. Aliitisha wakunga na waganga wa zahanati wote wa upande huu kwenye ukumbi wa kanisa pale Ipinda. Nilijivuna, usiniulize jinsi nilivyojivuna. Alilala kwangu. Nilimpikia samaki mbasa na wali, akala mpaka akalegeza mkanda. Akaniambia hana kitambaa cheupe cha kumulikia, ukuta wa ukumbi una madoa, nikafungua sanduku nikampa shuka langu la harusi. Sikumwuliza atamulika nini. Naye hakusema. Asubuhi akanisaidia hata kubeba masufuria, kwa sababu mimi na akina mama wa kanisa ndio tuliokuwa tunapika chakula cha semina, nyuma ya ukumbi.

Hapa lazima nikueleze kitu ambacho wewe umekua kimekwishalegea. Siku hizi mke wa mtu anampa baba mkwe chai mkononi na wanacheka pamoja. Sisi tulioolewa kwenye nyumba zinazoshika ya zamani hatukuwa hivyo. Mimi tangu siku niliyoingia kwa baba yako, babu yako hakuwahi kuniona uso, wala mimi wake. Nikimsikia njiani naingia migombani, najiinamia, mpaka apite. Chakula chake nilipika mimi, akipelekewa na mtoto. Wewe mwenyewe ulikuwa unapeleka. Naye alinisaidia, mzee wa watu, alikuwa na kikohozi chake cha makusudi. Akikaribia kona anakohoa mara mbili, ili nipate muda. Miaka yote ile hatukusemeshana neno, lakini kile kikohozi kilikuwa heshima aliyonipa, nami nilimheshimu kwa kukimbia. Hatukuwa maadui. Ndivyo tulivyopendana.

Siku ya semina alialikwa kama mzee wa kanisa, akaketi kiti cha mbele. Nilijua yumo, kwa hiyo sikuweza kuingia ukumbini. Nilikuwa nje, nyuma ya ukuta, nakaanga vitunguu. Mapazia yalifungwa, jenereta likanguruma, nikasikia sauti ya Ambakisye, nzuri, imetulia, ile aliyojifunzia Ulaya. Nikasogea kwenye dirisha la nyuma, nikafunua pazia kidogo, nimwone ndugu yangu akifundisha.

Juu ya shuka langu kulikuwa na nyonga kubwa kama mlango, inazunguka.

Mwanzoni sikujua. Mtu hajui mifupa yake, anajua ngozi. Nikajiambia, maskini, imepinda. Halafu akasema, “Mwanamke huyu si wa Ulaya, ni wa hapa hapa kwetu. Alianguka kutoka kwenye lori la mpunga kwenye kona za Tukuyu.” Akasema watoto wawili walifia pale, akaonyesha kwa kijiti. Akasema alionywa asizae tena, na mpaka leo mume wake hajui, kwa kuwa anaogopa. Alisema hayo kwa huruma. Aliyasema ili wakunga wawe na huruma. Hakutaja jina, na katika ukumbi ule hapakuwa na mtu aliyehitaji kutajiwa. Ni mwanamke gani mwingine wa Ipinda aliyeanguka kwenye lori la mpunga?

Ndipo babu yako akakohoa mara mbili.

Alikohoa vile vile anavyokohoa njiani, ili nijifiche. Nami nilikuwa nimejificha, mwanangu. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nimeinama, nimejificha vizuri kabisa, na bado nilikuwa pale mbele yake juu ya shuka langu, kiuno kitupu, nazunguka. Akasubiri. Akakohoa tena. Sikuweza kuondoka pale kwenye shuka, hakuna aliyeniondoa. Basi akavua koti, akajifunika uso, akasimama akatoka akipapasa viti kama kipofu. Vitunguu viliungua. Safari ile viliungua kweli.

Jioni Ambakisye alirudi kwangu kuchukua begi lake. Alikuja na maneno tayari.

“Dada, sikutaja jina.”

“Ulitaja lori.”

“Niliyoonyesha ni mifupa tu. Mifupa haina jina.”

“Haya, lete ya kwako tuitundike kanisani.”

“Dada, unajua ni wanawake wangapi watapona kwa sababu ya picha ile?”

“Na mkwe wangu? Wewe hukuzaliwa hapa? Hukumwona kwenye kiti cha mbele?”

Akainamisha kichwa. Akasema alimwona. Akasema alipomwona alikuwa ameshaanza, wageni wanamtazama, na kazi yake yote ilikuwa kwenye picha ile moja, hakuwa na nyingine nzuri kama ile. Ndivyo alivyosema, nzuri kama ile. Akanirudishia shuka langu limekunjwa vizuri, akanishukuru, “Ndaga, dada.” Nililipasua shuka lile siku hiyo hiyo. Vile vitambaa vyeupe tunavyoshikia sufuria jikoni, umevitumia utoto wako wote, ndivyo hivyo.

Baba yako hakugomba. Ningependa angegomba. Alikaa kwenye kigoda uani, akaniuliza swali moja, “Ulimwambia yeye kabla yangu?” Nikasema ndiyo. Hakuuliza tena. Wazee wake walikaa, wakasema mkwe ameonekana, nyumba imeharibika, na kwamba hata hivyo nyumba yenyewe imefungwa. Nilikwambia baba yako alihamia Ipyana kuangalia mashamba ya kakao. Kakao ipo, ni kweli. Lakini yupo na mama wa wadogo zako, ambaye hakuwahi kupanda lori. Na niliposema nimegombana na mjomba wako kwa ajili ya kiwanja cha babu wa Songwe, kiwanja hicho hakipo. Nilikitunga, na mwisho nikawa nimekizoea, siku moja nikajikuta namweleza jirani mipaka yake.

Babu yako hakukanyaga tena uani kwangu. Alipokuwa anakufa alimwambia Subilaga anipe salamu. Salamu tu, bila neno juu yake. Kwenye msiba nilikaa migombani, mbali, wenzangu wakiniletea maji. Hata maiti yake niliionea haya.

Sasa utaniuliza, Mama, kama mambo ni hayo, kwa nini uliniacha niende kwa mjomba? Nimejiuliza hilo tangu Jumapili. Ulipofaulu, Ambakisye alituma ujumbe kwamba atakulipia na utakaa kwake. Hakusema pole. Mpaka leo hajasema. Anatuma sabuni, anatuma vitenge, anasema kwenye simu “mambo yale yalikwisha, dada,” kama vile mimi ndiye niliyeyashikilia yasiondoke. Nilikubali kwa sababu ulitaka kusoma na mimi sikuwa na njia nyingine. Nilijiambia ananilipa kupitia kwako, acha alipe. Nilidhani anakufundisha mambo ya moyo na mapafu ya watu wengine. Sikujua kwamba kila asubuhi mwaka mzima amekuwa anakukalisha mbele yangu, anakuachia unicheke, naye anapita nyuma ya kiti chako na kikombe cha chai.

Hilo ndilo lililonivunja Jumapili. Ya ukumbini nilikuwa nimeyameza. Lakini yeye alijua, Atupele. Alikusikia ukisema Bi Kombo. Akanyamaza.

Wewe sikulaumu, hukujua. Ila nimekaa siku hizi nakuangalia ukikunja nguo, nikajikuta nakuogopa kidogo, kama mtu anavyomwogopa anayeshika funguo zake. Una vidole vyepesi. Unazungusha mifupa ya watu kama mtu anayechagua nyanya. Ambakisye naye alikuwa hivyo, wala hakuwa na roho mbaya. Alipenda kazi.

Tena si kwamba siijui faida yake. Subilaga alikuwa ukumbini. Mwaka uliofuata alimpata binti mmoja wa Ipyana, mfupi, anayechechemea, mimba ya kwanza. Hakumngoja. Alimpakia kwenye baiskeli mpaka barabarani, akamsimamishia gari, akafika Kyela, wakampasua, mtoto akalia. Subilaga akaja kwangu akasema, “Wifi, nyonga yako imeokoa mtoto.” Alidhani ananipa zawadi. Nilimkaribisha chai, alipoondoka nikakaa na vikombe viwili mbele yangu, sijui kama nafurahi au nalia. Nilifurahi kwa yule binti. Nililia kwa kuwa kama Ambakisye angekuja siku moja kabla, akaniambia, “Dada, nataka kuwaonyesha wakunga nyonga yako, utakubali?” nadhani ningekubali. Ningemwambia tu amwalike baba mkwe siku nyingine. Ningemwambia aache lori. Ningemweleza baba yako kwanza, kwa mdomo wangu, ningelazimika. Ungekuwa na baba nyumbani kwa swali moja.

Na sasa huyo mtoto unayekwenda kumweka humo. Umesema utamteremsha mpaka akwame, umrudishe, umteremshe tena, watu waangalie. Nyonga hiyo imepokea vichwa viwili, Atupele, na wewe hukupita huko, ulitokea tumboni. Kwa hiyo utakayemkwamisha ni kaka yako. Yule wa kwanza nilimpa jina. Nilimnong’oneza wakati mama mkwe amegeuka kuchukua kitambaa, kwa sababu niliona si haki aondoke hajaitwa. Baba yako halijui. Ambakisye sikumwambia hata nilipokuwa kwenye bomba lake namwaga yote, sijui ni nini kilinizuia, lakini namshukuru Mungu. Kwa hiyo hilo halimo kwenye mashine yenu.

Sikukatazi kwenda. Kesho nitakusindikiza mpaka stendi, nitakubebea begi, nitapiga kelele dirishani kama akina mama wengine, na hutaona kitu usoni mwangu, kwa sababu kuficha uso nimefundishwa vizuri.

Lakini ukifika, kabla hujafungua kompyuta, nenda kwenye simu. Namba ya dukani kwa Mama Tumpe unayo, wataniita. Uniulize kama naruhusu. Usianze kunieleza habari za wakunga, hizo nazijua kuliko wewe. Usilie. Uliza tu, kisha unyamaze, ungoje. Na mjomba wako akiwa karibu, mpe simu naye aulize kwa sauti yake, mbele yako.

Naweza kusema ndiyo, na nikisema ndiyo nitakutajia jina la kaka yako, ujue unayemshika ni nani. Naweza pia kusema hapana, na ajira yako ikaingia maji, na utanuna, na nitaumia. Sijaamua, mwanangu, wala sikufichi jibu. Sijawahi kulitafuta, kwa sababu hajatokea mtu wa kulingoja.

Nasikia wanakwaya wanaimba huko barabarani, wanakuleta. Niulize, Atupele.

Mama yako Tusajigwe,
mnayemwita Bi Kombo